Ripoti ya asubuhi: jinsi ya kuipanga Zabbix ikutumie hali ya seva kabla hujaulizwa

Nilikuwa bado kituoni nikingoja matatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, na simu ya meneja ilikuwa imeshaingia. "Kijana wangu, mitambo iko sawa leo?" "Iko sawa, mama." Nilimjibu hivyo kwa miezi, nikiwa sijagusa kompyuta. Ilikuwa sacco ndogo hapa Nairobi: seva tatu kwenye chumba cha nyuma, moja ya kukodi ng'ambo, na Zabbix, programu ya kufuatilia mitambo, iliyokuwa ikipima kila kitu usiku na mchana bila kumwambia mtu chochote hadi kitu kivunjike. Swali la mama yule lilikuwa halali kabisa. Wanachama huanza kupanga foleni kabla ya saa mbili na nusu, na yeye ndiye anayewatazama usoni mfumo ukigoma.

Nilipomwekea ripoti ya asubuhi aliacha kupiga simu, nami nikaanza kujua mambo ambayo nilikuwa nayakisia tu. Hapa nitaeleza namna ya kuipanga, pamoja na mitego iliyoninasa.

Nachukulia kwamba Zabbix yako inafanya kazi tayari kwenye Ubuntu au Debian, toleo la 6.0 au 7.0. Ripoti za PDF zinazotumwa kwa ratiba ziliingia toleo la 5.4, mwaka 2021. Kama toleo lako ni la zamani kuliko hilo, sasisha kwanza ndipo urudi hapa.

Amua nani ataisoma

Hatua hii haihitaji kompyuta, na ndiyo inayorukwa zaidi. Chukua karatasi, uandike jina la msomaji na uamuzi anaotakiwa kufanya akishasoma. Meneja anataka kujua kama matawi yatafanya kazi leo, na kama kuna kitu cha kununua kabla ya mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia na wanachama kumiminika. Wewe fundi unataka diski, memori, bekapu, na vyeti vya TLS (vya kulinda mawasiliano ya tovuti) vinavyokaribia kuisha muda. Wasomaji hao ni wawili, kwa hiyo tengeneza dashibodi mbili (kurasa za Zabbix zenye grafu na orodha) na ripoti mbili. Ukimtumia meneja grafu kumi na nane za prosesa, ataifungua siku ya kwanza, na siku ya tatu ataipita kama matangazo.

Tenganisha pia ripoti na arifa. Diski iliyofika asilimia 97 ni kazi ya arifa: ipige simu ya mtu wa zamu sasa hivi. Diski itakayojaa baada ya wiki tatu haistahili kumwamsha mtu saa nane usiku; mahali pake ni kwenye ripoti, isomwe na mtu aliyeketi, mwenye nafasi ya kuomba bei za diski mpya.

Rekebisha saa kabla ya kitu kingine chochote

Seva nyingi za kukodi huja na saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Panga ripoti itoke 07:00 kwenye seva ya namna hiyo, nayo itafika saa nne asubuhi, wakati foleni imeshapungua na maswali yameshaulizwa. Kuna tatizo jingine ambalo ni gumu kulitambua, nalo liko kwenye neno "jana". Kwa UTC, siku mpya huanza wakati kwetu ni saa tisa usiku. Bekapu iliyokwama saa nane usiku wa kuamkia leo itahesabiwa kuwa ni ya jana, na ile ya saa kumi alfajiri itahesabiwa kuwa ya leo. Ukikaa kulinganisha ripoti na daftari la zamu utaona hazipatani, na utapoteza asubuhi nzima ukitafuta kosa lisilokuwepo.

Angalia saa ya seva, kisha uiweke sawa:

```
timedatectl
sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi
sudo systemctl restart cron zabbix-server
```

Washa upya pia seva ya wavuti na PHP. Halafu ingia kwenye Zabbix yenyewe, fungua Administration, General, GUI, na uchague Africa/Nairobi kwenye saa za kawaida za mfumo. Kila mtumiaji anaweza kuwa na saa zake kwenye wasifu wake, kwa hiyo hakikisha akaunti itakayotengeneza ripoti haijabaki na UTC. Kenya haibadilishi saa kwa majira, hivyo kazi hii ni ya mara moja.

Mwekee ratiba msomaji kwa saa anazozitamka. Akisema "saa moja", andika 07:00. Akisema "saa moja jioni", andika 19:00. Nimewahi kukuta ripoti iliyopangwa 01:00 kwa sababu tu aliyeomba alisema saa moja na aliyeandika hakuuliza. Ilikuwa ikitoka katikati ya usiku, kabla bekapu haijaanza, na kila siku ilisema bekapu haipo.

Weka huduma inayochora PDF

Zabbix haichori PDF kwa mkono wake. Ina huduma ndogo ya pembeni inayofungua dashibodi ndani ya kivinjari cha Chrome kisichoonekana, inaipiga picha, kisha inairudisha kwa seva ya Zabbix ili itumwe. Kwa hiyo lazima Google Chrome iwe kwenye mashine ileile yenye huduma hiyo. Chromium hufanya kazi kwenye baadhi ya mifumo, ila nakushauri utumie Chrome ujiepushie taabu.

```
sudo apt install zabbix-web-service
sudo systemctl enable --now zabbix-web-service
```

Fungua `/etc/zabbix/zabbix_web_service.conf` na uhakikishe mistari hii ipo:

```
ListenPort=10053
AllowedIP=127.0.0.1,::1
```

Usifungue poti 10053 kwa dunia nzima. Kama huduma iko mashine moja na seva ya Zabbix, anwani hizo mbili za ndani zinatosha.

Sasa fungua `/etc/zabbix/zabbix_server.conf`:

```
WebServiceURL=http://localhost:10053/report
StartReportWriters=1
```

Mstari wa pili ndio unaosahaulika. Thamani yake ya kawaida ni 0, maana yake hakuna mwandishi wa ripoti hata mmoja aliyeajiriwa, na unaweza kujaza fomu zote vizuri usione barua hata moja. Mwandishi mmoja anatosha ofisi ya kawaida. Ukimaliza:

```
sudo systemctl restart zabbix-server
```

Rudi kwenye Administration, General, Other, na ujaze Frontend URL, yaani anwani kamili ya ukurasa wa Zabbix yako. Huduma ya PDF inaingia kupitia anwani hiyo. Isipojazwa, au ikijazwa anwani ambayo mashine yenyewe haiwezi kuifikia, ripoti haitatengenezwa. Ijaribu kwa `curl -I` ukiwa ndani ya seva, usiijaribu kwa kompyuta yako ya mezani.

Dashibodi: hapa ndipo kazi yenyewe ilipo

Ripoti ni picha ya dashibodi. Dashibodi ikiwa na vurugu, PDF itakuwa na vurugu. Unda dashibodi mpya kwa ajili ya ripoti peke yake, usitumie ile inayoning'inia kwenye skrini ya ofisi.

Kwa meneja niliweka vitu vinne. Cha kwanza ni orodha ya matatizo. Kiwekee mpangilio wa History, kwa sababu ukikiacha kilivyo kinaonyesha matatizo yaliyopo au yaliyotoka kuisha sasa hivi. Seva ya mikopo ikizima saa nane usiku na kurudi saa tisa, asubuhi orodha itakuwa nyeupe pepe, na msomaji ataamini usiku ulikuwa shwari.

Cha pili ni upatikanaji wa huduma kwa asilimia. Kuanzia 6.0 unaweza kuunda huduma na shabaha yake, na kuna kijisanduku cha kuonyesha matokeo. Usiandike asilimia bila kumweleza mtu maana yake. Asilimia 99.9 kwa mwezi wa siku 30 ni dakika 43 za kuzima. Asilimia 99 ni saa 7 na dakika 12. Kwa maandishi tarakimu hizo zinakaribiana, lakini kwa mwanachama aliyesimama dirishani zimeachana kama Mombasa na Kisumu. Niliandika dakika hizo kwenye ujumbe wa barua yenyewe, na tangu hapo meneja huuliza, "Tumekula dakika ngapi mwezi huu?"

Cha tatu ni siku zilizobaki kabla diski haijajaa. Asilimia iliyotumika haimwambii mtu lini atoe pesa. Zabbix ina kazi ya hesabu iitwayo timeleft inayotazama mwendo wa siku zilizopita na kukadiria. Unda kipengele cha kukokotolewa (calculated item) chenye fomula kama hii:

```
timeleft(/seva-mikopo/vfs.fs.size[/,free],7d,0)
```

Jina la kipengele hutegemea kiolezo (template) unachotumia, kwa hiyo lichukue kwenye orodha ya vipengele vya seva yako. Weka kipimo kuwa `s`, nayo Zabbix itaandika siku na saa badala ya sekunde tupu. Diski isiyoongezeka itatoa namba kubwa ajabu. Hiyo ina maana kwamba kwa mwendo huu haitajaa. Kadirio hili huyumba ukifuta faili kubwa, basi usilikimbilie siku ileile.

Cha nne ni bekapu, na hapa nitakaa kidogo.

Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa na mstari uliosema faili ya bekapu ipo na ni ya leo. Ilikuwa kijani wiki tano mfululizo. Siku nilipohitaji kurudisha jedwali moja la hifadhidata, nilikuta faili ya kila usiku ina baiti 20. Nenosiri la mtumiaji wa bekapu lilikuwa limebadilishwa, `mysqldump`, amri inayotoa nakala ya hifadhidata, ikawa inakataliwa, lakini matokeo yake yalipitishwa kwa `gzip` inayobana faili, na `gzip` ikishindiliwa hewa tupu hutoa faili halali ya baiti 20. Hati ya bekapu (script) haikulalamika, kwa sababu kwa kawaida ganda la mfumo (shell) hutazama amri ya mwisho kwenye mnyororo tu, na ya mwisho ilifaulu. Kosa lilikuwa langu: nilipima uwepo wa faili, sikupima kilichomo ndani yake.

Kwa hiyo fuatilia vitu viwili kwa pamoja, umri na uzito:

```
vfs.file.time[/srv/bekapu/mikopo.sql.gz,modify]
vfs.file.size[/srv/bekapu/mikopo.sql.gz]
```

Uzito upimwe mara moja kwa siku, baada ya bekapu kuisha, kisha uweke kichocheo (trigger) kitakachopiga kelele faili ya leo ikipungua chini ya asilimia 80 ya ile ya jana:

```
last(/seva-mikopo/vfs.file.size[/srv/bekapu/mikopo.sql.gz])<0.8*last(/seva-mikopo/vfs.file.size[/srv/bekapu/mikopo.sql.gz],#2)
```

Mtumiaji `zabbix` lazima aruhusiwe kupita kwenye folda hiyo, lakini hahitaji ruhusa ya kusoma faili lenyewe. Kwenye hati ya bekapu ongeza `set -o pipefail` ukitumia bash, ili amri ya kwanza ikishindwa isifichwe na ya mwisho. Na mara moja kwa mwezi rudisha bekapu kwenye mashine ya majaribio kwa mkono wako, maana hakuna ripoti inayoweza kufanya kazi hiyo badala yako.

Dashibodi ya fundi ongeza utakavyo: memori, mzigo wa prosesa, siku zilizobaki za vyeti (ajenti ya 2, programu ya Zabbix inayokaa kwenye seva inayopimwa, ina kipengele cha `web.certificate.get`), na hali ya UPS (betri ya akiba) kama inasomeka.

Kabla ya kuendelea, panga utegemezi wa vichocheo. Kichocheo cha ruta kiwe juu, na vya seva za ng'ambo viitegemee. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua. Seva za ng'ambo zilikuwa hai. Iliyoumia ni njia. Bila utegemezi, siku kama hiyo ripoti inamwonyesha meneja mistari myekundu thelathini kwa tatizo moja ambalo fundi wake hawezi kuligusa.

Barua pepe

Fungua Media types, chagua barua pepe, na utumie poti 587 yenye usimbaji wa STARTTLS pamoja na akaunti maalumu ya kutumia kwa kazi hii tu. Domeni yako iwe na rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Gmail inasisitiza watumaji wajithibitishe, na ripoti yenye kiambatisho kutoka domeni isiyojulikana huishia kwenye takataka bila mtu kuambiwa.

PDF hiyo inatoka nje ya ofisi, kwa hiyo angalia kilichomo. Majina ya wanachama, namba za vitambulisho au za simu yasionekane kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu hata wanaodhani wanatuma grafu tu. Anwani za ndani za mtandao na matoleo ya programu pia yaondoe kwenye nakala ya meneja, kwani hayamsaidii yeye, na yatamfaa mwizi.

Jaza fomu ya ripoti

Ingia kwa akaunti ya aina ya Admin au Super admin, fungua Reports, kisha Scheduled reports, na uanze mpya. Jina, dashibodi, kichwa cha barua na ujumbe havina ugumu. Vinavyohitaji akili ni kipindi, mzunguko, na ruhusa.

Kipindi ni muda unaoonyeshwa: siku, wiki, mwezi au mwaka uliopita. Mzunguko ni mara ngapi barua itatoka. Wengi hutaka ripoti ya siku za kazi tu, kwa hiyo huchagua mzunguko wa wiki, wakatia alama Jumatatu hadi Ijumaa, na kipindi cha siku iliyopita. Hesabu vizuri: ya Jumatatu itaonyesha Jumapili, ya Ijumaa itaonyesha Alhamisi. Grafu za Ijumaa na Jumamosi hazitaonekana na mtu yeyote, milele. Sacco nyingi hufungua Jumamosi hadi mchana, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi ndiyo yenye mzigo mkubwa kuliko zote. Tumia mzunguko wa kila siku, au ongeza ripoti ya pili inayotoka Jumatatu ikiwa na kipindi cha wiki iliyopita.

Ruhusa sasa. Kwenye orodha ya wapokeaji, kila mmoja anachaguliwa ripoti yake itengenezwe kwa macho ya nani: yake mwenyewe au yako. Meneja wangu alikuwa na akaunti isiyoruhusiwa kuona kundi lolote la seva. Siku ya kwanza alipokea PDF nzuri yenye visanduku vitupu. Alinipigia: "Kijana, sasa hii karatasi nyeupe nifanye nayo nini?" Mpe ruhusa ya kusoma makundi yanayohusika, au uchague ripoti itengenezwe kwa akaunti yako. Mimi huchagua ruhusa ya kusoma, ili siku nikihama kazi na akaunti yangu ikafungwa, ripoti yake isikatike.

Bonyeza Test. Ripoti itakuja kwako kwanza. Isipofika, soma logi:

```
sudo tail -n 50 /var/log/zabbix/zabbix_web_service.log
sudo tail -n 50 /var/log/zabbix/zabbix_server.log
```

Ikifika, ifungue kwenye simu, maana huko ndiko meneja atakakoisomea akiwa ndani ya gari Thika Road. Maandishi yakiwa madogo kama chawa, punguza visanduku na uvipanue.

Ripoti isiyofika

Mashine inayotuma habari njema ikizima, haitumi habari yoyote. Ijumaa usiku ya tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. UPS yenye uwezo wa dakika ishirini haifiki mbali usiku wa namna hiyo, na Zabbix iliyoko chumba kile kile cha nyuma huzimika pamoja na seva inazozilinda. Kwa hiyo unahitaji jicho la nje: seva ndogo ya kukodi, mahali pengine, umeme mwingine.

Kwenye seva ya Zabbix weka mstari huu wa cron (ratiba ya kazi za mfumo), baada ya kupanga ufunguo wa SSH wa kuingia seva ya nje bila nenosiri:

```
*/5 * * * * systemctl is-active --quiet zabbix-server && ssh mlinzi@seva-ya-nje 'touch /home/mlinzi/uhai'
```

Kwenye seva ya nje:

```
*/10 * * * * test -n "$(find /home/mlinzi/uhai -mmin -20)" || echo "Ofisi iko kimya zaidi ya dakika 20" | mail -s "KIMYA" zamu@example.com
```

Kila dakika tano ofisi inagusa faili. Ikipita dakika ishirini bila kuguswa, seva ya nje inaandika barua. Itaendelea kuandika kila dakika kumi hadi ofisi irudi, na nimeiacha hivyo kwa makusudi. Anwani ya zamu iwe ile inayolia kwenye simu ya mtu, na isitegemee seva ya barua iliyo ofisini.

Mwambie msomaji pia, kwa mdomo, kwamba ripoti huingia saa moja kila asubuhi, na saa moja na nusu ikipita bila kuiona akupigie. Meneja wangu ameshika hilo kuliko mafundi wengi.

Kisha jaribu. Chagua jioni ambayo ofisi imeshafungwa, umwarifu mtu wa zamu, na uzime:

```
sudo systemctl stop zabbix-server
```

Tazama saa. Barua ya kimya inapaswa kufika ndani ya nusu saa. Isipofika, anza na ufunguo wa SSH, kisha programu ya `mail` kwenye seva ya nje, kwa sababu mara nyingi hata haijawekwa. Ikifika, washa:

```
sudo systemctl start zabbix-server
```

na usiondoke hadi umeona faili ya `uhai` imeguswa tena.